Gulab Jamun Nyumbani: Karai la Jirani, Arki ya Waridi na Kiapo cha Mume

SWALI: Mimi ni mtu wa Unguja, nimemfuata mume wangu Songea kikazi, na huu ni mwaka wetu wa pili. Ramadhani iliyopita nilipika gulab jamun kwa ajili ya futari. Karai langu lilikuwa limetoboka, nikaazima la jirani yangu ambaye ni Mkristo, nikaliosha kwa sabuni na maji ya moto. Shira nikaitia arki ya waridi ya chupa. Mume wangu aliposikia habari ya karai alikasirika, akaichukua ile chupa ya arki akaisoma, akakuta imetajwa alkoholi. Akasema mbele ya watoto, na mbele ya mama yangu aliyekuja kututembelea, kwamba hiki ni chakula cha waabudu masanamu, karai ni najisi, na mimi nimewalisha pombe. Kisha akaapa wallahi hatokula tena kitu kitamu kitakachotoka jikoni kwangu. Mpaka leo hali. Siku ya Idi alikula vileja vya dukani, vyangu akavipita. Sasa watoto kila ninachopika huniuliza kama ni halali. Naomba mnielekeze, na kama kuna njia ya kuipika bila ya shaka, nifahamisheni.

JIBU: 

Dada yetu, swali lako lina mambo manne, na tumeona tulijibu hapa kwa urefu kwa sababu barua zinazofanana nalo zinatufikia kutoka kwa familia nyingi za visiwani zinazoishi bara. Kwa ufupi: gulab jamun kwa asili yake ni halali, karai la jirani lina maelezo, arki yenye alkoholi iacheni, na kiapo cha mumeo kina njia ya kutokea iliyo wazi, wala hakimlazimishi kukaa miaka yote akipita vyakula vya mkewe.

Tuanze na hilo la kuwa ni chakula cha Wahindi, maana ndilo jepesi zaidi. Asili ya vyakula ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Katika Suratul Baqara aya ya 168 watu wote wameamrishwa kula vilivyo halali na vizuri katika ardhi, na katika aya ya 173 ya sura hiyo hiyo vimetajwa vilivyoharamishwa: mzoga, damu, nyama ya nguruwe na kilichotajiwa jina lisilokuwa la Allah. Maziwa, unga, samli na sukari havimo. Kujifananisha na makafiri kulikokatazwa ni katika mambo yaliyo maalumu kwa dini zao, si katika aina ya mapishi. Anayeikataa gulab jamun kwa kuwa imetoka India, basi Ijumaa biriani ataila vipi?

Na hata jina lake linazungumza. “Gulab” ni neno la Kiajemi, maana yake maji ya waridi. “Jamun” ni tunda lile lile ambalo sisi Unguja tunaliita zambarau. Kitamu hiki kimefananishwa nalo kwa umbo na kwa weusi wake kinapoiva. Ama vitamu vya kukaanga na kuchovywa shira, Waislamu wanavijua tangu zamani. Kaimati zetu za Ramadhani jina lake limetokana na Kiarabu, tonge ndogondogo, na Muhammad al-Baghdadi katika kitabu chake cha mapishi alichokiandika Baghdad mwaka 1226 amevitaja vitonge vya aina hiyo kwa jina la tonge za kadhi. Tumekuwa na makadhi wengi Zanzibar na hatujasikia aliyezikataa. Jalebi nayo ni jina la Kiarabu, zalabia, lililokwenda India likarudi kwetu limebadilika. Na Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akipenda vitu vitamu na asali.

Kinachohitaji tahadhari ni kitamu kilichotolewa sadaka mbele ya sanamu kisha kikagaiwa. Hicho tusikile. Ama jirani Mhindi akikuletea sahani ya vitamu siku ya sikukuu yake, na wala hakikutolewa kwa sanamu, imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha kwamba aliulizwa kuhusu zawadi za Majusi katika siku zao, akawakataza waulizaji wale kula kilichochinjwa kwa ajili ya siku hiyo na akawaruhusu vitokanavyo na mimea. Kuipokea zawadi ni jambo moja, na kuiadhimisha sikukuu ni jambo jingine.

Sasa karai. Hapa tunamwelewa mumeo, kwa sababu mazingira ya Songea siyo ya Mkunazini wala ya Wete. Waislamu wapo wengi katika mkoa wa Ruvuma, hasa upande wa Tunduru, lakini Songea unaishi ukuta kwa ukuta na Wakristo, na nyama ya nguruwe, ile wanayoiita kitimoto, hukaangwa majumbani na kuuzwa waziwazi. Mtu aliyekulia kisiwani, ambako hata kuiona ni nadra, akifika huko hushituka, na baadhi yao hushituka mpaka wakaona kila chombo cha jirani ni najisi. Hilo la mwisho si sahihi.

Suala hili liliulizwa zamani. Sahaba Abu Tha'laba al-Khushani (R.A.) alimweleza Mtume (S.A.W.) kwamba wao wanaishi katika nchi ya Watu wa Kitabu, je, wale katika vyombo vyao? Katika mapokezi ya Abu Daud ametaja kabisa kwamba watu hao hupika nguruwe katika masufuria yao. Jibu la Mtume (S.A.W.) lilikuwa kwamba wakipata vyombo vingine wasile katika hivyo, na wasipopata waviosheni kwanza kisha wavitumie. Asili ya hadithi imo katika Bukhari na Muslim. Tazama, hakuwakataza moja kwa moja, wala hakuwaachia bila ya kuosha.

Kwa hiyo tunakuuliza wewe, dada yetu: una yakini kwamba karai lile lilikaangiwa nguruwe, au ni dhana tu kwa kuwa mwenyewe ni Mkristo? Ikiwa ni dhana, asili ya kitu ni twahara, na yakini haiondoshwi na shaka. Kuosha kwako kwa sabuni na maji ya moto kumetosha na kumezidi. Ikiwa una yakini, kwa mfano mwenyewe alikwambia, basi kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu ya Shafii ni kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kwa kumlinganisha nguruwe na mbwa. Hata hivyo Imam An-Nawawi, ambaye ndiye nguzo ya madhehebu haya, amesema kwamba kwa upande wa dalili chenye nguvu ni kuosha mara moja bila ya udongo, kwa kuwa saba zimekuja katika mbwa tu. Basi hata katika hali hii ya pili, aliyeosha mara moja vizuri hakutoka nje ya kauli za wanavyuoni, na haifai kumwambia amewalisha watu najisi.

Mafuta ni habari nyingine, na hapo tunakuwa wakali zaidi kuliko kwenye karai. Chombo huoshwa, mafuta ya maji yaliyokwisha kukaangiwa nguruwe hayaoshiki kwa kauli inayotegemewa kwetu. Ipo hadithi ya Bibi Maymuna (R.A.) katika Bukhari kuhusu panya aliyeanguka ndani ya samli, iliamrishwa atupwe yeye na kilichomzunguka, na samli iliyobaki iliwe. Wanavyuoni wetu wameichukulia hiyo kuwa ni samli iliyoganda. Iliyo maji, najisi imeenea yote. Kwa hiyo usikubali mafuta “yaliyobaki kidogo” kutoka jikoni usilolijua, na usinunue vya kukaanga, hata chipsi, kwa muuzaji anayetumbukiza kitimoto katika karai hilo hilo. Mafuta ya alizeti yapo Songea, chupa mpya haina shaka. Na karai ni chombo cha miaka mingi, nunua lako. Jirani yako endelea kumwazima na kuazimwa mengine, na ukitaka kujua, muulize kwa upole. Majirani wengi wa huko wanajua kwamba Muislamu hali nguruwe, na wakiulizwa husema kweli.

Ama arki. Hapa mumeo amepata, ingawa namna aliyoisema si ya kupata. Chupa nyingi ndogo za arki, ya waridi au ya vanila, harufu yake imeyeyushwa katika alkoholi. Si zote: nyingine hutumia propilini glaikoli, ambayo pamoja na jina lake la kutisha hailevyi. Basi someni maandishi ya chupa kabla ya kununua. Mkiona “alcohol” au “ethanol” irudisheni. Wanavyuoni wa zama zetu wamekhitalifiana kuhusu kiasi kidogo mno kilichomezwa na chakula mpaka hakina ladha wala athari. Wapo waliosamehe, na wapo waliokataza kwa kuizingatia ile ndimi ya sheria kwamba kinacholevya kwa wingi wake hakiruhusiwi hata kwa uchache. Sisi tunaelekea huku: asitie kwa makusudi Muislamu anayejua, maana badala yake ipo na ni nzuri zaidi. Na msidanganyike kwamba moto huimaliza yote. Arki hutiwa shira ikiwa imeshaepuliwa, kwa hiyo sehemu yake hubaki. Ama ulichokwisha kukipika bila ya kujua, huna dhambi juu yake, wala watoto hawana kitu, wala mama yako. Kumwambia mtu asiyejua kwamba amelisha watu pombe ni tuhuma nzito.

Badala yake ni maji ya waridi halisi, yale yanayotolewa kwa kuchemsha maua na kuukusanya mvuke wake. Unguja yanapatikana, na ndugu wanaokuja kukutembelea wakubebee chupa. Ukikosa, hiliki na zafarani peke yake zinatosha. Tena sisi tunaona hiliki inaipendeza zaidi.

Wengine huuliza kuhusu hamira, kwamba unga uliochacha wa kaimati unanuka kama pombe. Gulab jamun haina hamira, lakini tuliseme hapa: kuumuka kwa unga hutoa chembe ya alkoholi ambayo hakuna anayelewa kwayo, na moto wa karai huiondosha, kama ilivyo katika mkate tunaokula kila asubuhi. Hakuna ubaya. Na mkiwa Songea miezi ya Juni na Julai, kwa baridi ile, msishangae kaimati kuchelewa kuumuka. Uwekeni unga karibu na jiko na muupe muda mara mbili ya wa kisiwani.

Sasa mapishi yenyewe. Tumeyachukua kwa ahali zetu, nasi tumeyajaribu kwa kula.

Chukua kikombe kimoja cha maziwa ya unga. Hakikisha ni maziwa kamili, si ile krimu ya kutilia kahawa, ambayo aghlabu ni mafuta ya mimea na sukari na haishikani. Changanya na robo kikombe ya unga wa ngano na nusu kijiko cha chai cha baking poda. Tia kijiko kimoja cha mezani cha samli, uusuguesugue kwa vidole mpaka uwe kama chenga. Kisha tia maziwa ya maji kidogokidogo, vijiko vitatu mpaka vitano vya mezani, huku ukikusanya donge. Usilikande kama la chapati. Ukikanda sana unga wa ngano hushupaa, na gulab jamun hutoka ngumu kama kokwa. Donge liwe laini na linatanata kidogo. Lifunike dakika kumi.

Wanaotaka ya asili kabisa hawatumii maziwa ya unga. Huchemsha lita moja ya maziwa ya ng'ombe kwa moto mdogo, wakikoroga bila ya kuchoka, mpaka yabaki donge. Ni kazi ya saa nzima na zaidi, na ladha yake haina mfano. Siku ya kazi hatumshauri mtu.

Shira ianze kabla ya kukaanga: vikombe viwili vya sukari, vikombe viwili vya maji, hiliki tano zilizopondwa, na nyuzi chache za zafarani. Ichemke mpaka ukiigusa kwa vidole viwili inanata, lakini isivute uzi. Vitabu husema dakika nane au kumi. Wewe wa Songea usitegemee saa: mji uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakiwa na joto la takriban nyuzi 96, si 100 kama Unguja. Tegemea vidole. Ikikolea sana haitoingia ndani ya vitonge. Ikiwa nyepesi sana vitonge huloana na kuvunjika. Epua, kamulia matone ya ndimu ili isigande, tia kijiko kimoja cha maji ya waridi, uifunike ibaki na uvuguvugu.

Paka viganja samli, ufinyange vitonge vidogo kuliko unavyotaka viwe, maana hukua karibu mara mbili. Visiwe na ufa hata mdogo. Ufa mdogo mkononi huwa mkubwa ndani ya karai. Ukiona vinapasuka, donge limekauka, lirudishie maziwa kijiko kimoja.

Kukaanga ndiko kunakowashinda wengi, na sababu ni moto. Kwa kaimati tumezoea mafuta ya moto mkali. Gulab jamun inataka mafuta ya moto mdogo. Tumbukiza kipande kidogo: kikizama kisha kikapanda polepole na vipovu vidogo, ndiyo wakati wake. Kikipanda mara moja na kubadilika rangi, mafuta yamezidi, na vitonge vitakuwa vyekundu nje na unga mbichi ndani. Kwa jiko la mkaa, toa makaa nusu kwa koleo na usisubiri yapoe yenyewe. Tia vitonge sita au saba kwa mara moja, koroga mafuta yenyewe kwa mwiko taratibu ili vizunguke bila ya kuguswa, dakika sita mpaka nane, mpaka viwe na rangi ya hudhurungi iliyokoza. Viepue, viache dakika moja, kisha uvitie ndani ya shira yenye uvuguvugu. Shira inayotokota huvikunja, na iliyopoa haiingii. Viache saa mbili. Kikombe kile kimoja hutoa vitonge kiasi cha 18.

Ukiwa umefunga na unataka kujua utamu wa shira, imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba hakuna ubaya kuonja kilicho chunguni. Onja kwa ncha ya ulimi kwa haja, kisha tema. Na mwenye kisukari nyumbani awekewe kitonge kimoja au asiwekewe kabisa; haki ya mwili wake ni kubwa kuliko haki ya futari.

Limebaki la kiapo, na hili tunamwelekezea mume mwenyewe. Ndugu yetu, jambo lako lina mfano wake katika Qurani. Mtume (S.A.W.) alijizuilia asali kwa ajili ya kuwaridhisha wakeze, kama ilivyo katika mapokezi ya Bukhari na Muslim, zikateremka aya za mwanzo za Suratut Tahrim kumuuliza kwa nini anajiharamishia alichohalalishiwa na Allah, na kumweleza kwamba viapo vina njia ya kufunguliwa. Hiyo ilikuwa asali, na wewe kwako ni gulab jamun na vileja. Na Mtume (S.A.W.) amemfundisha Abdurrahman bin Samura (R.A.) kwamba aliyeapa kisha akaona kilicho bora zaidi ya alichoapia, akifanye kilicho bora na atoe kafara ya kiapo chake. Kukaa ukipita sahani ya mkeo mbele ya watoto kwa hoja ya “nimeapa” si uchamungu.

Kwanza ajiulize: aliposema wallahi, alikusudia kuapa au ni neno lililopita ulimini kama wengi wetu tunavyosema wallahi katika kila jumla? La pili ni laghwi, halina kafara. Lakini kwa namna ulivyosimulia, alikusudia. Basi kafara ipo katika Suratul Maida aya ya 89: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kuacha huru mtumwa, asiyeweza, afunge siku tatu. Wengi wetu hukimbilia kufunga kwa kuwa ni rahisi mfukoni, na hilo halisihi kwa mwenye uwezo. Mtu mwenye mshahara alishe.

Kwa madhehebu ya Shafii, kila maskini apewe kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji. Akitoa robo tatu ya kilo kwa kila mmoja amejitoa katika shaka, jumla kilo saba na nusu. Songea ni nchi ya mahindi, kwa hiyo mahindi yanatosha, na akitoa mchele amefanya vizuri zaidi. Wawe maskini kumi Waislamu, kila mmoja mkononi mwake. Wasiwe mke wala watoto wake, na asimpe mtu mmoja vibaba vyote kumi. Anaweza kukitoa chakula hicho kabla ya kukivunja kiapo, ale siku hiyo hiyo. Au ale kwanza, kisha atoe.

Na kwa kuwa maneno yalisemwa mbele ya watoto na mama mkwe, tunaona masahihisho nayo yasemwe mbele yao. Awaambie watoto kwa ulimi wake kwamba mama yenu hakukulisheni haramu. Mtoto anayekua akiutilia shaka mkono wa mama yake kila siku anaingizwa katika wasiwasi ambao baadaye humtesa hata katika udhu na sala yake. Mama mkwe akiwa amesharudi Unguja, apigiwe simu.

Karai la jirani, dada yetu, ukilirudisha usilirudishe tupu. Abdullah bin Amr (R.A.) alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, na alipofika akauliza, na kurudia kuuliza, kama jirani yao Myahudi amepelekewa. Mpelekee vitonge vitano au sita katika sahani yenye shira, na umwambie vinaliwa vikiwa na uvuguvugu.

Wallahu a'lam.